Utafiti uwe wazi kwa nani?

Mwaka 1999 wanasayansi walichapisha maelezo ya mjusi wa kusini mwa China ambaye hakuwa amewahi kuandikwa kitaalamu, wakampa jina Goniurosaurus luii. Kama ilivyo desturi ya fani yao, walitaja alikopatikana, ili mwenzao yeyote akitaka kuhakiki aende akajionee mwenyewe. Waliokimbilia huko hawakuwa wahakiki. Wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga majumbani walimsaka kwa kufuata maelezo yale yale, na haikuchukua miaka mingi mjusi huyo akatoweka pale alipogunduliwa. Siku hizi wataalamu wanaoeleza spishi mpya za jenasi hiyo huficha mahali kwa makusudi.

Kwa kanuni za fani yao, waandishi wa makala ile hawakukosea kitu. Walitimiza sharti la uwazi, na sharti hilo ndilo lililomponza mjusi. Ukiingia katika fani yoyote, iwe tiba, uchumi, historia, kompyuta au anthropolojia, utakutana na mvutano wa aina hii. Vyuo vikuu huugawa katika mafungu matatu: maadili, usalama na uwazi, kila fungu na kamati yake na fomu zake. Mgawanyo huo unarahisisha kazi za ofisi, lakini unamfanya mtafiti aamini kwamba akishajaza fomu zote amemaliza. Kwa maoni yangu, mafungu yote matatu yanazungukia maswali yale yale: nani anabeba hatari, nani anaijua, na nani alipewa nafasi ya kusema hapana.

Chukua utafiti wa Tuskegee, ambao hutajwa karibu katika kila somo la maadili. Kuanzia mwaka 1932, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 600 katika jimbo la Alabama. Kati yao 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Lengo lilikuwa kuona ugonjwa unavyomwendea mtu asipotibiwa, hadi kifo chake. Wenyewe waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Penisilini ilipokuja kuwa dawa ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, hawakupewa. Utafiti ulisimamishwa mwaka 1972, baada ya Peter Buxtun, aliyekuwa mfanyakazi wa idara hiyo na ambaye malalamiko yake ya ndani hayakusikilizwa, kuifikisha habari kwa waandishi.

Kinachosahaulika ni kwamba utafiti ule haukuwa siri. Ripoti zake zilikuwa zikichapishwa katika majarida ya tiba tangu mwaka 1936, na daktari yeyote aliyezisoma aliweza kuelewa kinachoendelea. Kama kipimo cha uwazi ni kuchapisha tu, basi Tuskegee ilifaulu. Walioachwa gizani ni wale waliokuwa wakifa. Kwa hiyo mtu akikuambia utafiti wake uko wazi, muulize kwanza: wazi kwa nani?

Kanuni tunazozitumia leo zilizaliwa na misiba. Baada ya unyama wa madaktari wa Kinazi, hukumu ya Nuremberg ya mwaka 1947 iliweka kanuni kumi, ya kwanza ikiwa ridhaa ya hiari ya mtu anayefanyiwa utafiti. Majaji walioiandika walikuwa Wamarekani, na Tuskegee iliendelea kwa miaka 25 baada ya hukumu yao. Mwaka 1964 Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Azimio la Helsinki. Kisha, Tuskegee ilipofichuka, ikaja Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979 yenye nguzo tatu: kumheshimu mtu, kumtendea mema bila kumdhuru, na kutenda haki katika kugawa mzigo na faida. Nguzo hii ya tatu ndiyo ninayoiona ikipuuzwa zaidi. Utafiti wenye hatari umekuwa ukifanywa kwa wafungwa, maskini na watoto wa vituo vya malezi kwa sababu ndio wanaofikika kwa urahisi, na dawa inayopatikana mwishoni huwafikia kwanza watu wengine kabisa.

Ridhaa nayo hueleweka vibaya, kana kwamba ni sahihi tu kwenye karatasi. Wahavasupai ni kabila dogo la wenyeji wa asili wa Marekani wanaoishi ndani ya korongo la Grand Canyon, jimbo la Arizona. Kisukari kiliwaandama sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walichukua sampuli zao za damu. Fomu iliyosainiwa ilitaja maradhi kwa maneno mapana, lakini walichoelewa watu ni kwamba wanatafutiwa ufumbuzi wa kisukari. Mwaka 2003 mwanamke wa kabila hilo alihudhuria chuoni hapo kikao cha mwanafunzi wa shahada ya uzamivu akitetea tasnifu yake. Akatambua kwamba data inayowasilishwa imetoka kwenye damu ya watu wake, na wala haihusu kisukari. Akauliza kama ruhusa ilikuwepo.

Baadaye ilibainika kwamba damu ile ilikuwa imetumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), kuzaliana kwa watu wa ukoo mmoja, na njia ambayo mababu zao walipitia kuingia Amerika. Hili la mwisho liliwaumiza kuliko yote, kwa kuwa imani yao inasema chimbuko lao ni korongo lile lile. Walifungua kesi, na mwaka 2010 chuo kikakubali kuwalipa wanakabila 41 jumla ya dola 700,000 na kurudisha damu iliyobaki.

Kesi hii inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu hakuna aliyedhuriwa mwilini na hakuna aliyechomwa sindano mara ya pili. Watafiti wengi wangesema kuitumia tena sampuli iliyokwisha kukusanywa ni jambo jema: unaokoa fedha, hausumbui watu, na unatoa maarifa zaidi kutoka kwenye tone lile lile. Hilo ndilo sayansi huria, yaani ile inayotaka data na matokeo vigawiwe wote, inalohimiza. Ila damu ile ilitolewa kwa ajili ya kazi fulani, na ilipohamishiwa kazi nyingine, wenyewe hawakuulizwa. Pia madhara yalilipata kabila zima, wakiwemo ambao hawakutoa damu kabisa, na fomu ya mtu mmoja mmoja haina mahali pa kuliandika kabila. Jamii nyingine zimejifunza kutosubiri. Mwaka 2017 Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa watafiti wanaotaka kufanya kazi kwao.

Wanahistoria nao wana kilio chao. Mwaka 2001 ulianza mradi wa Chuo cha Boston wa kurekodi simulizi za wapiganaji wa zamani wa Ireland ya Kaskazini. Waliohojiwa waliahidiwa kwamba kanda zao hazitafunguliwa hadi wafe, na kwa ahadi hiyo walisimulia mambo mazito. Mwaka 2011 polisi wa Uingereza, kwa kupitia mahakama za Marekani, walianza kuzidai, na hatimaye sehemu yake ikakabidhiwa. Watafiti walikuwa wameahidi kitu ambacho sheria haikuwapa uwezo wa kukitimiza. Nadhani mwenye kuhoji watu angefanya vyema kusema mapema: nitalitunza jina lako kadiri sheria itakavyoniruhusu, na mpaka wake ni huu. Baadhi ya watu watakataa kuongea. Wanayo haki ya kukataa wakiwa wanajua.

Kuna na zile fani zinazodhani hazihusiki. Mwaka 2021 iligundulika kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wamewapelekea watunzaji wa Linux, programu huria ya kuendeshea kompyuta, marekebisho yenye kasoro za makusudi, ili kupima kama kasoro zingenaswa. Kamati ya maadili ilikuwa imeamua kwamba huo si utafiti juu ya binadamu. Ila waliosoma marekebisho yale ni binadamu, wengine wakijitolea muda wao bila malipo, na hawakuombwa ridhaa. Chuo kizima kilizuiwa kuchangia mradi ule. Palipo na mtu upande wa pili wa skrini, pana mshiriki.

Usalama wa maabara unaonekana mwepesi kuueleza: vaa glavu, funga mlango, fuata maelekezo. Kisa cha Karen Wetterhahn kinaonyesha ni mgumu kuliko hapo. Alikuwa profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, mtaalamu hasa wa metali zenye sumu. Agosti 1996, akiwa amevaa glavu za lateksi na akifanya kazi ndani ya kabati la kufyonza mvuke, alidondosha tone moja au mawili ya dimethili-zebaki, kemikali ya zebaki yenye sumu kali, juu ya glavu. Alimaliza kazi, akasafisha, akavua glavu. Miezi ikapita bila dalili yoyote. Mwanzoni mwa mwaka 1997 akaanza kuyumba anapotembea na kupata shida ya kuongea. Vipimo vilionyesha zebaki nyingi mno mwilini. Alifariki Juni 8, 1997, akiwa na umri wa miaka 48.

Hakuwa mzembe. Alifuata maelekezo ya wakati ule, na maelekezo yenyewe ndiyo yaliyokuwa na kasoro: majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kemikali hiyo hupenya lateksi ndani ya sekunde chache. Wenzake hawakulifunika jambo hilo ili kulinda jina la chuo. Walipima glavu, wakaandika kwenye jarida linalosomwa na wanakemia, wakawaonya wengine waitafutie mbadala kemikali ile. Ajali inayotangazwa hivi humlinda mtu wa maabara nyingine ambaye hatajua kamwe kwamba ameokolewa. Ajali inayofichwa kwa hofu ya aibu au ya kukatiwa ruzuku husubiri kutokea tena. Hapa usalama na uwazi vinakwenda bega kwa bega, na sioni hoja yoyote ya kweli ya kunyamaza.

Hatari inapoweza kutoka nje ya maabara, mambo hubadilika. Mwaka 1978, wakati ndui ilikuwa imeshatokomezwa katika jamii, Janet Parker, mpiga picha katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, aliugua ndui na kufa. Virusi hivyo vilikuwa vikitafitiwa katika maabara iliyokuwa kwenye jengo alilofanyia kazi. Hakuwa mtafiti wa ndui na hakuna aliyemuuliza kama anakubali kuishi karibu nayo. Baada ya hapo akiba za virusi duniani zilipunguzwa hadi kubaki sehemu mbili tu, moja Marekani na nyingine Urusi.

Swali gumu zaidi ni pale ambapo kinachoweza kuvuja ni maarifa yenyewe. Mwaka 2011 makundi mawili, moja la Ron Fouchier huko Rotterdam na jingine la Yoshihiro Kawaoka wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, yalionyesha namna ya kuvibadili virusi vyenye asili ya mafua ya ndege H5N1 viweze kuambukizana kwa njia ya hewa kati ya fereti, mnyama mdogo ambaye mafua humshika kwa namna inayokaribiana na ya binadamu. Wakati huo zaidi ya nusu ya watu waliothibitishwa kuugua H5N1 walikuwa wamekufa. Watafiti walisema lengo lao ni kujua dalili za hatari mapema, ili mabadiliko kama hayo yakionekana kwa ndege dunia ishtuke. Desemba mwaka huo bodi ya ushauri ya usalama wa kibiolojia ya Marekani iliomba maelezo ya kina yasichapishwe. Machi 2012, baada ya kupitia nakala zilizorekebishwa, ikabadili msimamo: kwa makala ya Kawaoka wajumbe wote walikubali, kwa ya Fouchier kura zikawa 12 kwa 6. Zote mbili zilichapishwa mwaka huo.

Watu wenye nia njema wangali wakibishana juu ya uamuzi ule. Kinachonisumbua mimi ni wakati wenyewe. Mjadala ulianza kazi ikiwa imeshafanyika na makala ziko mezani kwa wahariri, wakati ambapo njia pekee iliyobaki ya kuzuia ni kuficha, na siri iliyoko mikononi mwa watu wengi haifichiki. Swali la kama jaribio lifanywe lilipaswa kuulizwa fedha zilipoombwa.

Wala si lazima pawe na virusi. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni moja ya kubuni dawa kwa akili mnemba walieleza jinsi walivyoigeuza programu yao. Kwa kawaida iliadhibiwa kila inapobuni molekuli yenye sumu, wao wakaifanya iituze sumu. Ndani ya muda usiofika saa sita ilikuwa imetoa molekuli 40,000, ikiwemo ile ya sumu ya kivita VX. Hawakutengeneza hata moja. Walichapisha onyo, wakazuia sehemu ya maelezo ya jinsi walivyofanya. Jambo la kuzingatia ni kwamba malighafi zao zilikuwa data na programu zilizopatikana bure kwa yeyote.

Baada ya visa kama hivi mtu anaweza kufikia hitimisho kwamba ni salama zaidi kufunga milango. Hapo ndipo wachumi wanapoingia. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, wachumi wenye heshima kubwa, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba deni la taifa likizidi asilimia 90 ya pato la taifa, ukuaji wa uchumi hushuka, kwa wastani hadi asilimia 0.1 chini ya sifuri. Wanasiasa waliokuwa wakitetea kubana matumizi waliinukuu mno. Thomas Herndon, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alipewa zoezi la kurudia hesabu za makala maarufu. Alichagua hii, na kila alipojaribu hesabu zilikataa kulingana. Aliwaandikia waandishi, nao wakampa faili lao la lahajedwali, yaani jedwali la hesabu la kompyuta. Akabofya kisanduku cha wastani akaona kwamba fomula ilikomea mistari mitano kabla ya mwisho: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark hazikuingia kwenye hesabu. Kulikuwa pia na miaka iliyoachwa nje na namna ya kukokotoa wastani iliyozua maswali. Yeye na walimu wake walipokokotoa upya mwaka 2013, badala ya kushuka kwa asilimia 0.1 walipata ukuaji wa asilimia 2.2. Waandishi walikiri kosa la lahajedwali, ingawa walitetea hoja yao ya jumla.

Kosa lile lilikaa miaka mitatu mbele ya macho ya wahariri, wasomi na serikali. Mapitio ya wanataaluma yasingelikamata, kwa kuwa wahakiki husoma makala, hawafungui mafaili. Lilikamatwa siku mwanafunzi alipopewa faili. Saikolojia ilipata somo kubwa zaidi mwaka 2015, pale kundi la watafiti liliporudia tafiti 100 zilizokuwa zimechapishwa. Katika tafiti za awali asilimia 97 zilidai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Zilizorudiwa zilifikia asilimia 36. Kwa sehemu kubwa huo haukuwa udanganyifu. Mtu akichambua data kwa njia nyingi na kuandika ile iliyompendeza, huku majarida yakikataa matokeo yasiyosisimua, makosa hujipanga yenyewe. Ndiyo maana wahariri wa majarida makubwa ya tiba walitaka, kuanzia mwaka 2005, kila jaribio la dawa lisajiliwe hadharani kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa. Aliyetangaza mapema atakachopima hawezi kuhamisha goli baada ya kuona matokeo.

Mtu akishawishika na hayo atasema basi kila data iwekwe mtandaoni, majina yafutwe, yaishe. Katika miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts lilitoa kwa watafiti kumbukumbu za matibabu za wafanyakazi wake bila majina wala anwani, na gavana William Weld aliwahakikishia watu kwamba faragha yao iko salama. Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), alinunua kwa dola 20 daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge alikoishi gavana. Akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akazitambua kumbukumbu za matibabu za gavana mwenyewe. Kufuta jina hakumfichi mtu.

Kwa hiyo kati ya kufunga kabisa na kuanika kila kitu kuna ngazi nyingi, na fani zilizokomaa huzitumia bila makelele. Wanaikolojia huchapisha ramani zenye miraba mikubwa badala ya nukta. Wataalamu wa usalama wa kompyuta humweleza mtengenezaji kwanza, wakampa siku za kurekebisha, ndipo wanatangaza. Hifadhi za data za jenetiki humtaka mwombaji aeleze anachotaka kufanya, na kamati huamua. Mimi naegemea upande wa uwazi kuwa ndio kawaida, na anayetaka kufunga ndiye ajieleze. Data inaweza kubaki imefungwa, lakini sababu ya kuifunga, jina la aliyeamua na njia ya kuomba ruhusa viwe hadharani. Bila hivyo, "usalama" na "faragha ya washiriki" hugeuka kuwa kisingizio cha mtu anayeogopa lahajedwali lake lifunguliwe.

Msomaji wa kawaida anaweza kulipima hili mwenyewe. Makala nyingi za kisayansi siku hizi zina aya fupi karibu na mwisho inayoeleza data ilipo, na nyingine inayotaja kamati ya maadili iliyoidhinisha kazi. Aya inayosema tu kwamba data itatolewa kwa atakayeomba haina uzito mkubwa, kwani wengi walioomba hawakujibiwa. Aya nzuri hutaja hifadhi na namba ya kudumu ya data. Kama sehemu imezuiwa, hueleza ni sehemu gani, imezuiwa ili kumlinda nani, na barua ya maombi ipelekwe kwa ofisi ipi, ofisi ambayo itakuwepo hata mtafiti mwenyewe akihama au kustaafu.